Chemchemi Tuliyoizika Ikiwa Hai

Mimi kuongea napenda, sifichi. Ukinikuta njiani ukanipa shikamoo yako, ujue huko unakokwenda umeshachelewa. Shule nilisoma kidogo, nikatolewa nikapewa jembe, lakini mdomo hawakuutoa. Kwa hiyo hii habari ya chemchemi niachieni mimi niieleze. Wapo watu huko Dar wameiona kwenye picha, wakasikitika, wakanywa soda wakaenda zao, wanadhani wameijua.

Huku kwetu ni juu, upande wa Mgeta. Nyumba zimepandana, ukimwaga maji ya vyombo uani kwako, jirani wa chini anaita, "Bibi, leo mmekula dagaa?" Tunalima kabeji, njegere, karoti, viazi, kwenye miteremko ambayo mgeni akisimama anashika majani asianguke. Mzigo unabebwa kichwani mpaka gulioni, na hapo gulioni ndipo fuso inapakia kwenda Dar. Ndiyo maisha, na yote hayo yalikuwa yananywa kwenye chemchemi moja.

Yenyewe ilikuwa kwenye kibonde, katikati ya kichaka cha mikuyu na magimbi pori, na ilikuwa ya ukoo wetu. Sisi Waluguru ardhi inafuata mama. Mimi nimeipata kwa mama yangu, binti yangu anaipata kwangu, na anayeisimamia ni mjomba. Mjomba wa ukoo wetu sasa hivi ni mdogo wangu wa kiume, mtoto niliyembeba mgongoni akinikojolea, leo akikohoa watu wananyamaza. Basi kile kichaka kilikuwa hakilimwi. Kila mtu alikuwa na shamba lake, na maji nayo yalikuwa na la kwao, ndiyo kichaka hicho. Hukati mti, huchimbi, huokoti hata kuni. Udongo wake mweusi, laini, ukiukanyaga unakunyonya mguu. Vijana walikuwa wanapita pembeni wanameza mate. Lakini nani aguse? Tulikuwa tunasema pale pana mwenyewe. Ukiuliza mwenyewe ni nani, unaambiwa kalime kwako.

Mimi nilikuwa nayaangalia yale maji kila asubuhi kabla sijaangalia mbingu, na sababu ni binti yangu. Wanangu wengine walishashuka mjini zamani, wakija huku wanakuja na viatu vya kuteleza na haraka ya kurudi. Alibaki huyo kitinda mimba na wanawe wawili, nyumba yao na yangu mlango kwa mlango. Na alishasema, wala siyo kwa hasira, anapalia karoti zake tu: "Mama, maji yakikatika mimi nashuka na watoto. Sibaki huku kumwagilia mawe." Nikacheka, nikamwambia ushuke uende wapi, mjini watakuuzia mpaka kivuli. Lakini nilijua anasema kweli.

Na maji yalikuwa yanapungua. Zamani ule mwanzi wa kutekea, uliochomekwa pale maji yanapotokea, ulikuwa unayatema yanaruka mbali, mtoto mdogo hasogei. Mwaka hadi mwaka yakawa yanaangukia karibu, karibu, mpaka ikawa yanateremka yameukumbatia mwanzi kama mzee anayeshuka ngazi gizani. Mvua nazo zikaharibika. Vuli haiji, au inakuja siku moja na hasira za msimu mzima, inabeba udongo na kabeji inatupa mtoni. Ukungu uliokuwa unalala mlangoni kwangu mpaka jua limewaka, sasa nauona kule juu msituni, na wenyewe unazidi kupanda, kama mtu anayetuhama polepole ili tusimuulize.

Hapo ndipo akaja Mwalimu. Alikuwa mwalimu wa chuo huko Morogoro mjini, mwanamke mwembamba, mtu wa mkoa mwingine, ana buti na kofia ya jua. Kazi yake kupima maji. Anakinga ndoo kwenye mwanzi huku anaangalia saa, anaandika, anapanda mlimani kuangalia mkebe wake wa mvua, anarudi. Nilimpenda kwa sababu moja, alikuwa mtu wa kwanza niliyemwona anayaangalia yale maji kwa uso kama wangu. Akawa akimaliza anakuja kwangu kunywa chai na viazi.

Akanieleza kwamba dunia nzima inapata joto, siyo Mgeta peke yake, ni moshi wa viwanda na magari ya nchi ambazo hata hatuzijui, na ndiyo maana ukungu unapanda. Halafu juu ya hilo na sisi tunakata miti. "Bibi," akasema, "kichaka kile ndicho kinachoyashika haya maji yaliyobaki. Kikiondoka, nayo yanaondoka."

"Umewaambia watu?"

"Nimewaambia kwenye mkutano. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Nililala."

Akacheka, lakini alicheka kidogo. Akasema ndiyo shida yake, yeye ana namba na namba hazimtoi mtu machozi. Sasa anakuja na mwenzake msanii, washirikiane, yeye na namba zake, yule na ngoma zake, labda watu wataamka.

Msanii akaja. Kijana mrefu wa Dar, nywele amezisokota mpaka mabegani, anachora, anaigiza, anapiga ngoma, na ana wenzake wa kupiga picha. Wanawake walimzunguka wakamuuliza nywele zile huwa zinaoshwa au zinafutwa tu. Mdogo wangu akamwangalia juu mpaka chini, akamwambia Mwalimu, "Ndiye huyu wa kuleta mvua?"

"Huyu analeta watu, Mjomba," Mwalimu akajibu. "Mvua tutamwomba mwingine."

Wakakaa uani kwangu. Msanii akaeleza mpango wake, mikono inaruka kama anafukuza nyuki. "Tutafanya mazishi. Mazishi ya chemchemi, kabla haijafa kweli, ili watu waonje uchungu wake. Tunatengeneza maiti, tunaibeba, tunalia. Tukifika kaburini, mtani anatokea anazuia. Anasema hatuziki, huyu bado anapumua. Watu wote wanaitikia hatuziki. Tunafunua sanda, maji yanamwagika, tunapanda miti."

Mimi nilipiga makofi. Jamani, kilikuwa kitu kizuri, hata leo nasema. Nikapewa niwe mfiwa mkuu na nisome wasifu wa marehemu. Kusoma kwenyewe sijui sana, wakasema sema tu kutoka kichwani. Wakati huo binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na beseni, akasema, "Mmempa mama ruhusa ya kuongea? Basi leteni na magodoro."

Katekista alipoombwa aje aombee akasema yeye haziki maji. Shehe akasema jeneza la msikiti siyo la maigizo. Mdogo wangu ndiye pekee aliyekaa akafikiria. Mwisho akasema, "Mazishi ni mazishi. Mkianza, mfuate utaratibu."

"Tutafuata utaratibu wote, Mjomba," Mwalimu akamjibu kwa heshima, mikono magotini. Alidhani anaombwa adabu. Hata mimi nilidhani hivyo hivyo.

Sasa nikueleze habari ya mtani. Kila ukoo huku una watani wake, ukoo mwingine ambao mnatukanana bila kugombana, na kwenye msiba ndio wenye kazi. Mtani anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake, anasema siri zake, watu wanacheka na machozi yako shavuni. Kaburi likishachimbwa analala ndani, anasema humu ni kwangu, sitoki. Mpaka apewe kuku. Akipewa kuku anatoka, na udongo wa kwanza anausukuma yeye. Ndivyo ilivyo. Mtani wetu mkubwa ni mzee mmoja mfupi, ana mdomo usiopigwa mswaki kwa maneno, na amemzika kila mtu ninayemkumbuka.

Msanii alikaa naye mchana mzima kumfundisha. "Babu, hapa sasa unasema, hatuziki."

"Nitasema."

"Hutasahau?"

"Kijana, mimi nimemzika babu yako."

"Babu yangu yupo Dar, mzima."

"Basi mwambie aje, nafasi ninayo."

Siku ya siku watu walijaa. Walikuja hata wa vijiji vya ng'ambo, na wageni wa wilayani na miavuli yao. Maiti ilikuwa imetengenezwa kwa mipira ya kumwagilia iliyopasuka, ile tuliyokuwa tumeitupa mashambani, imefungwa na magome ya mgomba, imeviringishwa shuka la bluu. Ndani wameweka dumu la maji, la kuja kumwagika mwishoni. Ilikuwa ndefu, ikabebwa na wanaume wengi, mmoja nyuma ya mwingine, wanashuka njia ya kona kona, kwa hiyo ukiangalia kwa mbali ulikuwa unaona kitu cha bluu kinateremka mlimani kinapinda pinda. Wanawake wakaanza kuimba kwa sauti ya chini. Mmoja akalia. Alikuwa analia kweli, hakuwa anaigiza, na akishalia mmoja unajua tena.

Nikasimama kusema wasifu.

Nilisema marehemu kuzaliwa kwake hatukujui, bibi yangu alimkuta mtu mzima. Alikuwa mpole, hakugombana na mtu isipokuwa wakati wa masika. Amelea kabeji, amelea watoto, ameosha wazee wetu siku walipolala moja kwa moja. Hakuoa wala hakuolewa, lakini ukipita karibu yake ulikuwa unamsikia anaongea peke yake, na mimi nilikuwa namwelewa. Nikasema hakufa ghafla. Ameugua miaka. Tulikuwa tunamwona anakonda, na sisi tukawa tunaendelea kumnywa hapo hapo kitandani, kila mtu na mpira wake.

Hapo nikanyamaza. Sikupanga kunyamaza. Nilimwona binti yangu kule nyuma, amemshika mkono mwanawe mdogo, anafuta macho kwa ncha ya khanga, nikasahau lililokuwa linafuata.

Mtani akaniokoa. Akatokea amejifunga turubai la bluu, miguu inatetemeka, anatembea kwa kuchechemea, anadondosha matone kutoka kwenye kopo alilolificha kiunoni. "Tone leo, tone kesho," analalamika, "na hawa wanawake wamenipangia ndoo. Mimi mzee jamani, nitoe nini?" Watu wakacheka mpaka wageni wa wilayani wakafunga miavuli. Akazunguka, akamwangalia Msanii, akasema, "Huyu naye amekuja na mizizi kichwani, anatafuta wa kumnywa." Halafu akaruka ndani ya kaburi lililochimbwa pembeni mwa kichaka, akalala chali.

"Humu baridi," akasema. "Na mgeni wangu anayekuja hajala. Sitoki."

Msanii akainama pembeni mwa kaburi. "Babu, sasa. Sema hatuziki."

"Siwezi kusema na njaa."

Watu wote wakageuka wakamwangalia Mwalimu, maana ndiye aliyeleta shughuli. Naye akaniangalia mimi. "Bibi, anataka nini?"

"Anataka kuku."

"Nimpe?"

"Mpe," nikasema. Nilisema kama ninavyosema kwenye kila msiba, mdomo ulitangulia wenyewe. Wapishi wakaleta jogoo, Mwalimu akampokea akampa mtani kwa mikono miwili, akainama kidogo, mtoto mwenye adabu. Wanawake wakapiga vigelegele. Mtani akachomoka kaburini mwepesi kama kijana, jogoo kwapani, na kwa mguu wake wa kulia akausukuma udongo.

Basi. Kuku ameshapokewa. Hakuna mtu aliyeambiwa kitu, mikono ilijua. Maiti ikateremshwa, watu wakainama, wakachota, wakatupa. Majembe yakaanza. Msanii akaja anakimbia, "Bado, bado, haijafa," anashika shuka, anavuta. Wanaume wakamdaka. Wakamkumbatia. "Jikaze, mwanangu," wanamwambia, "ni kazi ya Mungu, wote tuko njia hiyo hiyo." Kadiri anavyopiga kelele ndivyo wanavyomkaza. Mama mmoja akamfunga khanga mabegani, akamkalisha kwenye mkeka wa wafiwa, akampa maji ya kunywa. Na lile dumu likaenda chini likiwa limejaa.

Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Na mtani nilipomuuliza baadaye kwa nini hakusema neno lake, akashangaa kabisa. "Nimepewa kuku, dada. Mtu akishapewa kuku anasema nini tena?"

Tukala wali na maharage. Msanii alikuwa na udongo mpaka kwenye nywele, lakini macho yanang'aa. Akasema mwisho ule umetoka mkali kuliko aliouandika yeye, na picha zimekamata kila kitu. Mwalimu akaniuliza tu, "Bibi, lakini wamezika kweli?"

"Wamezika igizo," nikamjibu. "Kula, chakula kinapoa."

Picha zikaenda Dar, zikatundikwa mahali, tukasikia watu wengi walikwenda kuangalia, na mimi nimo, mdomo wazi, nalia. Huku nyuma mdogo wangu akatangaza matanga. Nilidhani utani unaendelea. Lakini siku ya kuvunja matanga akauita ukoo mzima, na mtu wa kuuita ukoo mzima haiti kwa mzaha. Nikampigia Mwalimu simu, nikamwambia mwanangu njoo, hapa pana jambo silielewi.

Akaja. Tukakaa kwenye uwanja wa nyumba ya mdogo wangu, wanaume upande wao, wanawake upande wetu. Mdogo wangu akasafisha koo, akasema marehemu alikuwa na shamba, na shamba la marehemu halikai bila mrithi. Kichaka kigawanywe.

Nikasimama. Kwa kweli nilisimama vibaya, magoti yalilia. "Mdogo wangu, unagawa nini? Lile lilikuwa igizo."

"Dada, kaa."

"Sikai. Chemchemi iko pale inadondoka, nimeteka leo asubuhi."

"Wasifu ulisomwa?" akauliza. Alikuwa hanionei, sauti yake ilikuwa ya taratibu tu. "Ulisomwa, na aliyeusoma ni wewe. Machozi yalitoka? Yalitoka. Kuku alipokewa? Alipokewa. Udongo ulitupwa na kila mtu aliyekaa hapa. Sasa dada, igizo ni lipi? Nionyeshe kilichopungua."

Hakikupungua kitu.

Mwalimu akaomba kusema. Akaeleza vizuri sana, siku ile hakuna aliyelala. Akasema maji yaliyobaki yanashikwa na ile miti na ule udongo, mkilima pale mtavuna msimu mmoja, labda miwili, halafu hamtakuwa na shamba wala maji. Akasema nawaomba. Mdogo wangu alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwa upole, "Mwalimu, tunakuheshimu. Lakini si wewe ndiye uliyetoa kuku?"

Mwalimu aliinamisha kichwa. Nilitaka nimfunike na khanga yangu.

Halafu mdogo wangu akasema jambo lingine, na hili hakulisema kwa ajili ya ukoo, alilisema kama mtu aliyechoka. "Dada, unadhani mimi siyaoni yale maji? Huyu Mwalimu mwenyewe amesema joto linatoka nchi za mbali. Nikilinda kichaka, nitaulinda na ukungu? Yanakufa. Vijana hawa wananiomba ule udongo tangu baba zao hawajafa, nikawa nasema pana mwenyewe. Sasa mwenyewe tumemzika mbele ya watu wa wilaya. Nitawaambia nini? Acha wale kilichobaki."

Binti yangu akaniinamia sikioni. "Mama, na mimi nachukua sehemu yangu."

"Wewe?"

"Nisipochukua mimi anachukua mwingine. Kichaka kinakwisha hata hivyo."

Kama ana shamba pale atabaki, ndivyo nilivyowaza upesi upesi, moyo wangu ukafurahi kama mwizi. Alipewa kipande karibu kabisa na mwanzi.

Mikuyu ilikatwa. Magimbi yaling'olewa. Nyani walikaa juu ya mawe wanaangalia kama watu waliokuta nyumba yao imebomolewa. Kabeji zilizotoka pale, sijawahi kuona, kichwa kimoja kinajaza beseni. Binti yangu alikuwa anaimba shambani. Wanawe walikuwa wanacheza kwenye matope, wanarudi weusi mpaka masikioni, na mimi nawasugua na kuwatania, na siku zile kwa kweli nilikuwa nasema labda Mwalimu amekosea hesabu, wasomi nao ni watu.

Kiangazi kilichofuata mwanzi ulinyamaza. Haukukauka kwa kishindo. Nilikwenda asubuhi na ndoo yangu, nikakinga, nikawa naongea na jirani, tukaongea sana, na nilipoangalia ndani ya ndoo niliona sakafu ya ndoo. Jirani naye akaangalia. Hatukuambiana kitu, na mimi na yule mama hatujawahi kukosa la kuambiana. Wanaume wakachimba pale pale wakitafuta, wakapata tope, wakachimba tena wakapata changarawe. Ule udongo mweusi ukapasuka, kisha mvua ya siku moja ikaja ikauchukua wote.

Mwalimu alikuja na ndoo yake ya kupimia. Nikamwambia kaa kwanza unywe chai, nimechota mtoni. Akakaa. Akasema Msanii anaulizia kama tunaweza kufanya kingine, ana wazo jipya la kucheza ngoma ya kuomba maji yarudi, kuna wageni wamependa sana kile cha kwanza.

"Wewe unaonaje?" nikamuuliza.

"Mimi Bibi sioni kitu," akasema. "Huwa napima, na sasa hapa hapapimiki."

Akaacha ile ndoo kwangu, akasema itanifaa. Ni ndoo nzuri, ina mistari ndani.

Binti yangu hakusema nakwenda. Alianza kugawa vitu. Mche wa nyanya kwa huyu, chungu kwa yule. Aliona kwamba nimeona. Akasema amepata chumba Morogoro, upande wa Mzinga, atauza mboga sokoni, mboga za watu wengine wenye maji. Nikasema vizuri, Mzinga pazuri, kuna umeme, watoto watasoma. Nilisema mengi. Nilisema hata habari za Mzinga ambazo sizijui.

Siku ya kuondoka niliwasindikiza mpaka gulioni. Njia nzima niliongea. Nilieleza habari za kila nyumba tuliyoipita, nani aliolewa na nani, nani alikimbia na mke wa nani, nani alianguka pale kwenye kona na kikapu cha mayai. Watoto walikuwa wanacheka. Binti yangu alikuwa na godoro kichwani, hageuki, anaitikia tu eeh, eeh.

Karibu na gulioni akasimama. "Mama, pumzika kidogo. Umeongea tangu nyumbani."

"Nikinyamaza wewe utaanza kusema," nikamwambia.

Akaliweka godoro chini. "Utakunywa nini huko juu?"

"Mtoni kuna maji."

"Mtoni na magoti hayo?"

"Nitachota kidogo kidogo. Sina kabeji mimi, nina chai tu."

"Twende wote."

"Niende Mzinga nikamhadithie nani? Huko kila mtu ana redio."

Hakucheka. Mimi ndiye niliyecheka. Akasema mvua zikirudi na yeye atarudi, na wote wawili tuliangalia pembeni alipokuwa anasema hivyo, yeye aliangalia fuso na mimi niliangalia watoto.

Dereva akapiga honi. Godoro likapandishwa juu ya magunia ya karoti za watu wa ng'ambo, wale ambao mto wao bado unapita. Wakapakiwa na wao, binti yangu kati, mtoto huku na mtoto huku, amewashika wasianguke. Gari likaondoka nami nikapunga mkono. Yeye mikono yote miwili ilikuwa na kazi, akaniitikia kwa kichwa.